Kitambaa Hukatwa Mwisho

Duka letu lilikuwa Kensington, Johannesburg, kwenye barabara kubwa, katikati ya fundi simu na duka la mikate. Tuliuza nyuzi, vifungo, zipu, lastiki, sindano na vitambaa vya kudarizi. Wateja wengi tuliwajua kwa majina. Mmoja tulimwita Mteja tu, mimi na tajiri wangu, na mmoja wetu akichungulia dirishani na kusema "Mteja huyo," mwenzake alijua kwamba asubuhi imekwisha.

Uso kwa uso nilimwita Mama, na shikamoo nilimpa kila alipoingia, maana alikuwa na umri wa kunizaa na alikuwa Mtanzania mwenzangu, mke wa Msauzi. Yeye aliniita mwanangu akiwa na furaha. Akichukia aliniita "wewe wa dukani." Katika ziara moja niliweza kuwa mwanangu, nikawa wewe wa dukani, nikarudi kuwa mwanangu kabla hajafunga mkoba wake.

Kilichomleta ni mishono ya msalaba. Kwa asiyeijua: kuna kitambaa kinaitwa aida, kimefumwa hivi kwamba kina vishimo vidogo vilivyojipanga safu kwa safu. Unapitisha sindano butu kutoka kishimo kimoja hadi kingine kwa mshazari, kisha unarudi kwa kukatiza katikati, na hapo umepata msalaba mmoja mdogo. Msalaba mmoja si kitu. Ukishona mingi na kuipanga kwa rangi, unapata ua, mlango, kuku, chochote unachotaka. Wengi wetu tumekua na vitambaa vya namna hiyo juu ya makochi na redio za nyumbani, tukapigwa makofi kwa kuvifutia mikono.

Mtu akimwambia Mteja kwamba anataka kuanza, hakuulizwa anataka picha gani. Aliulizwa, "Kitakaa wapi?" Akishangaa, Mteja aliendelea: "Jikoni? Kwenye mto wa kochi? Ukutani, dirisha likiwa mbele yake? Na nani atakifua?" Hapo ndipo alipoanzia kuchagua kila kitu, uzi, kitambaa, hata ukubwa wa picha. Kijana mmoja aliwahi kuja anataka nyuzi za kung'aa, laini kama hariri, amdarizie mchumba wake mto. Mteja hakujuana naye hata kidogo, lakini alimkamata mkono kabla hajafika kaunta.

"Atakuwa anauangalia huo mto au anaukalia?"

"Anaukalia, Mama."

"Basi ukimpa hariri, mwezi haujaisha utaota manyoya kama paka. Chukua pamba. Mapenzi yenyewe yanataka kufuliwa."

Kijana akachukua pamba. Tajiri wangu aliumia, maana zile za kung'aa ndizo zilizokuwa ghali.

Ndani ya duka hakuwahi kuamua rangi hata siku moja. Alichagua vibunda vya nyuzi za kijani chungu nzima, akavining'iniza kwenye mkono wake kama bangili, akatoka navyo nje kwenye jua. "Taa yenu inasema uongo," alisema. Mwanzoni tajiri aliogopa kwamba ataondoka navyo, akanituma nimfuate. Basi tukawa tunasimama pembeni mwa barabara, mikono juu, nyuzi zinapepea, na wapita njia wanadhani tumeanzisha biashara yetu. Mama mmoja aliwahi kumuuliza bei. Mteja akamjibu kwa Kizulu chake kilichonyooka kwamba haviuzwi, bado vinaangaliwa.

Siku moja jua limenichoma vya kutosha nikamwambia, "Mama, mchagua jembe si mkulima."

"Aliyesema hivyo alilima nini?" akanijibu bila kugeuka. "Inua hicho juu zaidi."

Uzi mwekundu aliushuku kuliko rangi zote. Kwao kama kwetu, kanga mpya haivaliwi kabla haijalowekwa kwenye maji ya chumvi isije ikachuja na kumharibia mtu shughuli, na yeye aliuhamishia utaratibu huo kwenye nyuzi. Alitoa leso nyeupe mkobani, akailowesha kwenye bomba letu, akabana kipande cha uzi ndani yake, akakaa kwenye kiti cha wateja kusubiri majibu. Leso ikitoka na doa, uzi umefeli na anaurudisha mwenyewe kwenye droo, huku akiusema kama mtoto aliyeleta ripoti mbaya.

Miundo yake yote aliibuni mwenyewe. Vitabu vya picha zilizokwisha kuchorwa tulikuwa navyo, vya maua na vijumba vya theluji, na yeye alivipita kama havipo. Theluji ya nani, aliuliza. Alichora kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja kwa msalaba mmoja, lakini penseli hakuiamini kwa sababu haina rangi. Kabla ya kuchora alitaka kuona, na hapo vifungo vyetu vilipata tabu. Tulikuwa na kopo kubwa la vifungo vya kuuza kimoja kimoja, vya kila rangi. Mteja alilipindua juu ya kaunta, akaanza kupanga vifungo kwenye karatasi yake, buluu hapa, kahawia pale, akirudi nyuma hatua mbili kuangalia kwa jicho moja. Wateja wengine walihudumiwa kwenye kona iliyobaki. Akishapata jibu lake, anavikusanya vyote kopo lijae. Hakununua kifungo hata kimoja.

"Auntie," tajiri akajikaza siku moja, "vifungo hivi vinauzwa."

"Najua," akamjibu kwa upole. "Ndiyo maana navirudisha."

Lakini kwenye vifungo hivyo ndipo nilipojifunza ninachokijua. "Rangi haina tabia yake peke yake," alinifundisha, akisogeza kifungo cha njano. "Tabia inaipata kwa jirani. Njano ukiiweka karibu na nyeupe, inanyamaza. Iweke karibu na zambarau, inapiga mdomo mpaka usiku." Tangu hapo siwezi kuvaa bila kumsikia.

Kuna kisa cha jirani yangu wa Bellevue. Nyumba tunayoishi ni ya zamani, imegawanywa vyumba, na chumba kinachopakana na changu anakaa mama wa Kirundi, msusi. Alitaka ziwa la kwao ukutani. Nikampeleka dukani, nikamkabidhi kwa Mteja, nikajitoa. Jirani alikuwa ameshashika bunda zima la nyuzi za buluu.

"Ziwa ni bleu, maman. Munipatie bleu tu."

"Wewe ulikuwa unaliona saa ngapi?"

"Asubuhi. Tulikuwa tunashuka kuteka maji, mimi na mukubwa wangu."

"Na asubuhi lina rangi gani?"

Jirani akafungua mdomo kusema tena bleu, akaufunga. Akaangalia dari yetu muda mrefu. "Asubuhi," akasema taratibu, "iko kama maji wanaosha nayo muchele."

"Ehee. Hayo ndiyo tuyatafute."

Wakatoka nje wote wawili, wakarudi na kijivu, na nyeupe iliyochoka, na waridi hafifu sana, na buluu kidogo tu ya kuweka mstari mmoja kwa mbali. Picha ilipokwisha jirani aliitundika mbele ya kitanda, akaniita niione. Mimi niliona ukungu. Yeye alikuwa amesimama pale ameshika mashavu, anarudia, "Ndiyo yenyewe. Ndiyo yenyewe kabisa." Nilimwonea wivu, nakiri.

Sasa msije mkadhani alikuwa malaika. Nyeupe ya dukani aliichukia, alisema inamkodolea macho, kwa hiyo kila kitambaa kipya alikichemsha kwenye rooibos, chai nyekundu ya huku, mpaka kikapata rangi ya chai ya maziwa. Wakati huohuo alikuwa adui mkubwa wa mtu yeyote anayekunywa chai karibu na kitambaa. Alikihamisha kikombe cha tajiri hadi dirishani, katika duka la tajiri mwenyewe.

"Mama, si wewe uliyekichemsha kwenye chai?" nikamuuliza.

"Ile ni rangi. Hii ni ajali."

Tena alikuwa na ugonjwa wa kugeuza kazi za watu kuangalia nyuma. "Mbele kila mtu anapendeza," alisema, na akina mama waliomletea kazi zao walikuwa wakimeza mate akianza kugeuza. Fundo moja tu, alilikuta. Uzi ulioruka kutoka ua hadi ua bila kukatwa, aliutangaza duka zima. Mpaka siku mkoba wake ulipoanguka, kazi yake mwenyewe ikafunguka sakafuni mgongo juu. Nimeshaona nywele za watu waliotoka usingizini zikiwa na mpangilio kuliko ule. Mafundo, mikia, nyuzi zimeruka huku na kule, vitanzi vimening'inia.

"Nyani haoni kundule," nikajisemea, kumbe kwa sauti.

"Haoni," akakubali, akiokota. "Lakini la mwenzake analiona vizuri, na hapa ndiyo kazi yangu."

Mimi pia alinipitia. Jogoo wangu wa kwanza nilimshona misalaba mingine imelalia kulia na mingine kushoto, na mwanga ukipiga unaona kabisa kifua cha jogoo kimekwenda mrama. Nikamwambia hakuna atakayegundua. "Wewe umeshagundua," akasema. "Fumua. Kufumua si dhambi, uzi unasamehe. Kitambaa ndicho kisichosamehe." Ndiyo maana alikuwa na sheria moja asiyoivunja: kitambaa hukatwa mwisho. Unanunua kipande kikubwa, unashona picha yote, ndipo unashika mkasi. Tepu ya kupimia hakuigusa kabisa. Alisema vishimo ndivyo tepu yake, ukishahesabu miraba kwenye karatasi umeshapima. Na wanaoanza aliwaonya kila siku juu ya vishimo hivyo, kwa sababu vipo vidogo na vipo vikubwa: picha ileile, hesabu ileile, kwenye vishimo vidogo inatoka kifaranga, kwenye vikubwa inatoka jogoo.

Mumewe alikuwa anamsubiri kwenye gari. Alikuwa mmoja wa wale waliokimbilia Tanzania wakati wa ubaguzi, wakaishi Morogoro wakingoja nchi yao ikombolewe, na ilipokombolewa alirudi nyumbani na mke. Kiswahili chake kilibakia palepale alipokichukua. Kila mtu kwake alikuwa ndugu, kama tuko mkutanoni.

"Ndugu," aliniuliza kupitia dirisha, "mke wangu amenunua?"

"Bado anaangalia, Mzee."

"Basi nitalala kidogo." Na kweli alilala, kofia usoni, redio ndogo inaongea yenyewe kwenye kiti cha pembeni. Sijawahi kumwona mwanamume anayesubiri kwa raha vile.

Mtoto hawakujaliwa. Mzee alikuwa na dada mkubwa huko Soweto, na hapa ndipo Mteja, mtu wa maneno mengi, alipokuwa akipunguza sauti. Wifi ni wifi, sote tunajua, lakini huyu hakuwa hata wa kumtukana mtu. Alimwita makoti, jina wanalompa mwali akiletwa nyumbani kwa mume, na mwali mwenyewe sasa alikuwa na mvi. Kwenye shughuli za ukoo makoti alimenya maboga. Na ikifika wakati wa kupiga picha ya pamoja, wifi alimpa simu: makoti, tupige. Kwa hiyo picha zote za ukoo ule alizipiga Mteja, vizuri sana, na hakuwemo hata kwenye moja.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," aliniambia, "lakini kamba yenyewe ina miaka karibu thelathini, mwanangu. Imeshaota majani."

Akacheka, nami nikacheka. Nilikuwa nimemzoea akicheka.

Mzee alifariki msimu wa baridi. Mteja hakuonekana muda mrefu, na duka likawa na nafasi kubwa isiyo na maana. Aliporudi alikuwa amekonda, na alikuwa na jambo. Huku kwa Wasauzi, akatueleza, baada ya muda kupita jiwe la kaburi linasimamishwa, linafunikwa, na siku ikifika ukoo unakusanyika, watu wawili wanalifunua mbele ya wote. Wengi hufunika kwa blanketi au satini ya dukani. Yeye alitaka kumdarizia Mzee kitambaa hicho kwa mkono wake. Alishamwomba wifi. Wifi alikubali kwa masharti mawili: kitambaa kikae vizuri kwenye jiwe, na watakaokifunua wawe wa damu, yeye wifi na mtoto mmoja wa kaka yao.

"Na wewe?" nikauliza.

"Mimi nitakaa nyuma na akina mama." Akapangusa kaunta ambayo haikuwa na vumbi. "Mzee hayupo, mtoto hayupo. Kama hata siku hiyo nitapewa simu nipige picha, basi mwanangu nimekaa nchi hii bure. Ngoja angalau kitambaa kinisemee."

Karatasi alikuja nayo tayari. Katikati aliweka kofia ya Mzee, redio yake, na gari lenye dirisha wazi. Pembeni mwote alizungusha zambarau ya mijakaranda ya Johannesburg. Na chini kabisa, kwenye pindo, alipanga milima ya Uluguru safu nzima, na chini ya milima nyumba ndogo yenye mlango wa kijani, ile waliyoanzia maisha. Miraba aliihesabu kwa kitambaa cha vishimo vidogo, ikatosha jiwe sawasawa. Rangi tulizichagulia nje kwa wiki kadhaa, na safari hii sikulalamika.

Kitambaa chenyewe alikuja kukinunua siku ambayo mimi nilikuwa nimepanga foleni ya karatasi zangu za ukaazi. Macho yake yalikuwa yamechoka kwa kulia, vile vishimo vidogo vikamkataa. Tajiri, kwa huruma, akamtolea kitambaa cha vishimo vikubwa. Mteja akashukuru, akaenda nyumbani kuchemsha rooibos. Hesabu kwenye karatasi ikabaki ileile.

Alikishona karibu mwaka mzima. Kipande kilikuwa kikubwa cha kutosha, maana kitambaa hukatwa mwisho, na tepu hakuwa nayo, maana vishimo ndivyo tepu. Siku chache kabla ya shughuli alikileta dukani ili tukikate. Tukakitandaza kwenye meza ya kukatia, na kilikuwa kizuri mno, Mzee alikuwa amelala mle ndani kabisa, kofia usoni. Kisha tajiri akaweka tepu juu yake, akaiangalia, akaiweka tena.

"Eish, Auntie."

Mteja akachukua tepu mwenyewe, labda kwa mara ya kwanza maishani. Akapima. Jiwe lingefunikwa, na kitambaa kingeendelea kushuka hadi chini na kutambaa.

"Jogoo," akasema. "Jamani. Nimetotoa jogoo."

Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha wateja. Alicheka akajifuta macho, akajifuta tena, na hapo tukaona kwamba hacheki. Nilimletea maji, nikaweka glasi mbali na kitambaa.

Kukikata, mkasi ungepita juu ya milima. Kukikunja, milima ingelala chini ya mkunjo pamoja na nyumba na mlango wake. Nikamwambia, ili mradi niseme kitu, "Mama, si unasema kufumua si dhambi?"

"Hilo nilikuwa nawaambia nyinyi."

Akampigia wifi palepale, sauti ya simu wazi. Akamweleza. Wifi akajibu kwa Kizulu, taratibu, wala si kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: "Kunja hayo ya chini, makoti. Watu wanakuja kwa ajili ya kaka yangu. Hawaji kuangalia milima."

Mteja aliangalia pindo. Alipitisha kidole juu ya mlango wa kijani.

"Sikunji, dada."

"Kitaburuta."

"Kiburute."

Simu ikakatika. Tajiri akajifanya anapanga zipu. Mteja akakunja kitambaa chake kama mgeni anayejua kwamba amevunja kitu cha watu, akaniuliza kama Jumamosi nina nafasi, asikae peke yake kule nyuma.

Jumamosi ilikuwa ya Agosti, mwezi wa upepo na vumbi. Makaburini watu walikuwa wengi, wengi wamejifunika blanketi, na mbele kabisa jiwe la Mzee likiwa limevaa kazi ya Mteja. Kitambaa kilishuka juu ya jiwe, kikafika chini, kikaendelea juu ya kokoto kama gauni la harusi, na milima yote ya Uluguru ilikuwa imelala kwenye vumbi la Soweto. Nilisikia minong'ono. Wifi alikuwa mwanamke mrefu, kilemba cheusi, amekaza uso. Kabla ya maombi alipita akampa Mteja simu mkononi.

Mchungaji akaomba, wakaimba. Wifi akashika pembe moja ya juu, mtoto wa kaka yake akashika nyingine, wakaanza kukifunua. Kilikuja vizuri hadi katikati. Kisha kikagoma. Kwenye mgongo wake, ile mikia na vitanzi ambavyo Mteja hakuvikata maishani mwake vilikuwa vimenasa kwenye kokoto, na upepo ukaingia chini yake, kikajaa, kikavuta. Kijana akataka kukivuta kwa nguvu. "Acha!" wifi akamwambia. Kingechanika, kila mtu aliona. Wifi akapiga magoti, mtu mzima yule, akapapasa chini ya pindo, akapapasa tena. Nyuma ya kitambaa kile aliijua mtu mmoja tu duniani.

Wifi akainua kichwa, akatafuta katikati ya akina mama.

"Makoti! Woza. Njoo ushike hapa."

Mteja alinisukumia simu kifuani. Sijui alifikaje mbele. Alipiga magoti kando ya wifi yake, akaingiza mkono chini ya milima, akakata uzi wa kwanza kwa meno, akakwanyua wa pili kwa kucha, na alipotaka kuinuka na kurudi nyuma, wifi akasema, nami nilisikia, "Usiachie." Wakakiinua wao wawili, mmoja juu na mmoja kwenye pindo, yule kijana amebaki ameshika hewa, na jina la Mzee likaonekana kwenye jiwe. Nilipiga picha. Nilipiga nyingi bila kuangalia, nyingine ni za viatu.

Baadaye ikabidi kikunjwe. Kitambaa kikubwa vile hakikunjwi na mtu mmoja. Walisimama mbalimbali wakakivuta, wakatembea wakakutana, wifi akapokea pembe, Mteja akainama kuokota mkunjo, wakarudi nyuma, wakakutana tena uso kwa uso. Kila walipokutana kilikuwa kimepungua, mpaka kikabaki kifurushi, na kifurushi kikabaki mikononi mwa wifi. Akakikumbatia, akaenda nacho kwenye gari lake.

Tulirudi pamoja, mimi na Mteja. Tulipokaribia kwake akasema, "Amekichukua." Nikasema ni kitambaa cha kaka yake pia. "Najua," akasema. "Lakini amekichukua na hakuniambia anakipeleka wapi."

Tajiri alistaafu, duka likafungwa, sasa hivi pale wanauza matairi. Mimi nilipata kazi kwingine. Zilipita siku nyingi kabla sijamwona Mteja tena, na nilimwona Bellevue, karibu na kwangu, tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, tukisubiri kuvuka. Yeye ndiye aliyenishika mkono.

"Shikamoo, Mama!"

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa, vizuri." Hakunipa nafasi. "Jumapili nilikuwa kwa wifi. Nimeitwa chakula."

"Umemenya maboga?"

"Nimekaa mezani. Sikiliza. Kitambaa kiko sebuleni kwake. Ukuta mzima. Kabati la vyombo amelihamishia koridoni, watu wanapita kwa ubavu, kwa sababu hakikutosha."

"Amekikunja?"

"Kinafika sakafuni. Kulikuwa na wageni wa kanisani kwake. Mmoja akaangalia pale chini akauliza, hii milima ni ya wapi? Nikafungua mdomo nijibu."

"Ukasema?"

"Wifi akanitangulia. Akamwambia, 'Ya kwetu.'" Mteja alinibana mkono mpaka ukauma. Alikuwa anacheka na machozi yanamshuka, na hakuyafuta. "Hajawahi hata kufika Morogoro, mwanangu."

Robot ikawaka kijani. Watu wakavuka, na sisi tukabaki palepale.